Tangazo la uchumba au tangazo la ndoa: utafute lipi kwanza unapofuatilia ukoo?

Anayefuatilia ukoo huanza kwa kuwauliza wazee, na siku moja hufika mahali ambapo hakuna tena wa kuulizwa. Hapo ndipo magazeti ya zamani yanapoingia, na hapa nazungumzia hasa ya Uingereza, Ayalandi na Marekani. Katika safu zake nyembamba, katikati ya ratiba za meli na matangazo ya mnada, familia zilitangaza mambo yao makubwa: fulani amemchumbia fulani, fulani na fulani wamefunga ndoa. Maneno ni machache, pengine mistari minne tu, lakini ndani yake unaweza kukuta jina la kijiji, kazi ya baba, au habari za mama ambazo hukuzipata popote pengine.

Watu wengi huyachanganya matangazo haya mawili, wakaona ukipata moja umepata na la pili. Sivyo. Tangazo la uchumba linaeleza watu wamekusudia nini na ni watoto wa nani. Tangazo la ndoa linaeleza kilichofanyika, lini, wapi, na mbele ya nani. Lipi bora? Inategemea umekwama wapi. Ila kama muda wako ni mdogo na hujui pa kuanzia, msimamo wangu ni huu: anza na la ndoa, kwa sababu ndilo linalokupeleka moja kwa moja kwenye rejista ya ndoa. La uchumba lifuate pale unapokwama kwenye wazazi, hasa upande wa mama. Hapo halina mpinzani.

Angalia miaka kwanza

Usitafute kitu ambacho wakati huo hakikuwepo. Matangazo ya ndoa ni ya zamani zaidi kwa mbali. Jarida la Gentleman's Magazine lilianza London mwaka 1731, likawa linachapisha orodha za waliooana na waliofariki, na magazeti ya mikoani yalifanya vivyo hivyo. Orodha hizo za karne ya 18 zina tabia inayomshangaza msomaji wa leo: ziliweza kutaja mali ya bibi harusi, pauni elfu kadhaa, na jina lake la kwanza lisitajwe kabisa. Kwa mtafiti hiyo ni hasara na faida kwa pamoja. Jina limekosekana, lakini mali iliyotajwa inakuambia kuna uwezekano wa wosia au mkataba wa ndoa uliohifadhiwa mahali.

Tangazo la uchumba, kwa umbo tunalolijua, lilichelewa. Lilishika kasi kuelekea mwisho wa karne ya 19 kwenye magazeti ya wakubwa kama The Times la London, na katika karne ya 20 likawafikia walimu, makarani na mafundi. Kwa hiyo kama babu unayemtafuta alioa mwaka 1820, jioni zako zitumie kwenye matangazo ya ndoa na vitabu vya kanisa. Kama alioa mwaka 1935, yote mawili yanawezekana, na hapo ndipo swali la kuchagua linapokuwa na maana.

Kuna jambo la fedha pia. Mara nyingi tangazo lililipiwa, na maskini hakuwa na cha kulipa. Kibarua wa shambani wa mwaka 1840 utampata kwenye kitabu cha ndoa cha parokia, si gazetini. Nafuu iko kwenye magazeti madogo ya kila wiki, na Marekani yalikuwa mengi, ambayo yaliandika uchumba na harusi kama habari za mji. Humo hata mtoto wa fundi seremala anaweza kuwa na aya nzima.

Tangazo la uchumba, neno kwa neno

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tangazo la uchumba ndilo linalosomwa harakaharaka kuliko yote. Chukua muundo uliotumika sana Uingereza katika miaka ya kati ya vita kuu mbili za dunia. Ukiuweka kwa Kiswahili unasema hivi: "Uchumba unatangazwa kati ya Fulani, mwana wa pili wa marehemu Kapteni Fulani na wa Bi. Fulani, wa mahali fulani, na Fulani, binti pekee wa Bw. na Bi. Fulani, wa mahali pengine." Ni sentensi moja tu. Itazame taratibu.

"Mwana wa pili" maana yake yupo kaka mkubwa, ambaye pengine hujawahi kumsikia. "Marehemu" imekuwekea kikomo: baba alifariki kabla ya tarehe ya gazeti, kwa hiyo wosia wake utafute nyuma ya hapo. "Kapteni" inakupeleka kwenye kumbukumbu za jeshi au za meli. "Binti pekee" haina maana kwamba ni mtoto pekee. Anaweza kuwa na kaka wanne. Na huyu mama aliyetajwa peke yake yu hai, maana hakuitwa marehemu.

Sasa angalia jina la mama huyo. Kama halifanani na la mwanawe, kuna uwezekano mkubwa kwamba ameolewa tena. Hili ni jambo kubwa. Mama wa namna hiyo hupotea kwenye utafiti kwa sababu mtu anamtafuta kwenye rejista za vifo kwa jina la mume wa kwanza, anapekua miaka arobaini, hampati, kisha anaandika "hajulikani alikofia". Tangazo la uchumba la mwanawe limempa jina lake jipya bila hata kukusudia. Vilevile, wazazi wa upande mmoja wakitajwa kila mmoja na anwani yake, hiyo ni dalili kwamba waliachana au walikuwa wanaishi mbalimbali, na inakupeleka kwenye kumbukumbu za talaka. Na kama aliyetajwa ni mlezi, pengine babu au shangazi, jiulize wazazi wako wapi.

Anwani nayo ina thamani yake. Sensa za England na Wales zina pengo baya katika karne ya 20: makaratasi ya sensa ya 1931 yaliungua moto Desemba 1942, na sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ukiondoa rejista ya taifa iliyoandikwa mwaka 1939, hakuna orodha ya watu nyumba kwa nyumba kati ya 1921 na 1951. Tangazo la uchumba la mwaka 1933 linakuambia familia mbili zilikuwa zinakaa wapi mwaka huo. Kwa mtu aliyekwama kwenye pengo hilo, mstari mmoja wa anwani ni hazina.

Nirudi kwa mama, maana hapa ndipo tangazo la uchumba linapoishinda hata hati ya serikali. Usajili wa kiserikali wa ndoa ulianza England na Wales Julai 1837, na cheti chake kilimtaja baba wa kila upande pamoja na kazi yake. Mama hakuwa na nafasi. Majina ya mama yaliingizwa kuanzia tarehe 4 Mei 2021. Kwa zaidi ya miaka 180 mwanamke alizaa, akalea, akamsindikiza mwanawe kanisani, na hati ya ndoa ya mwanawe isimtaje. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na kila tangazo la uchumba lililomtaja naliheshimu kwa sababu hiyo. Kweli, mara nyingi limemwita kwa jina la mumewe, na jina lake la ukoo wa kuzaliwa halimo. Lakini limesema kwamba yupo, yu hai, na anakaa wapi.

Matangazo ya Marekani yana sura nyingine. Huko wanaotangaza kwa kawaida ni wazazi wa binti, na wazazi wa kijana hufuata kwenye sentensi ya pili au ya tatu. Kufikia katikati ya karne ya 20, gazeti la mji lingeweza kuweka picha ya binti, shule aliyosoma, kazi anayofanya, kikosi cha jeshi cha mchumba wake, na mara nyingine majina ya babu na bibi wa pande zote mbili. Vizazi vitatu ndani ya aya moja. Ukipata la namna hiyo, linakili lote, pamoja na jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu.

Tangazo la ndoa na mitego yake

Tangazo la ndoa ni fupi na kavu zaidi, lakini limebeba vitu vinne ambavyo la uchumba haliwezi kuvibeba: siku, kanisa au ofisi, jina la aliyefungisha, na uhakika kwamba mambo yalifika mwisho. Mtego wake mkubwa ni tarehe.

Magazeti ya karne ya 18 na 19 hayakupenda kutaja mwezi. Yaliandika "inst." kwa maana ya mwezi huu, na "ult." kwa maana ya mwezi uliopita. Gazeti la tarehe 3 Aprili 1862 likisema harusi ilikuwa "28th ult.", basi ilikuwa tarehe 28 Machi. Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu unakuja pale gazeti la mkoa wa mbali linapolinakili tangazo hilohilo mwezi Mei bila kubadilisha neno lolote. Msomaji wa nakala hiyo atahesabu tarehe 28 Aprili, aiandike kwenye mti wa ukoo, na mwezi mzima utakuwa umeongezeka. Kwa hiyo ukikuta tangazo kwenye gazeti la mbali, tafuta lile la kwanza, ambalo kwa kawaida liko kwenye gazeti la eneo la bibi harusi, kwa kuwa kwa desturi ndoa ilifungwa parokia ya upande wake.

Kunakili huko kuna upande mzuri. Mwishoni mwa tangazo utakuta ombi fupi kwamba magazeti ya Marekani au ya Australia yalichapishe pia. Familia haikuomba hivyo bure. Ina ndugu huko, na inataka wapate habari. Nimeona watu wakiupita mstari huo kama takataka, ilhali ndio unaomwonyesha kaka wa bwana harusi aliyepanda meli miaka kumi nyuma.

Aliyefungisha ndoa naye asomwe vizuri. Tangazo likisema ndoa ilifungishwa na kasisi fulani ambaye ni kaka wa bibi harusi, umepewa ndugu mwenye kumbukumbu nyingi kuliko wote. Makasisi wa Kanisa la Anglikana wameorodheshwa kwenye kitabu cha Crockford tangu 1858, na waliosoma vyuo vikuu waliandikwa kwenye daftari za vyuo hivyo, mara nyingi pamoja na jina la baba na mahali alikozaliwa. Ukampata kasisi, umempata baba wa bibi harusi.

Kuhusu kanisa lenyewe, tahadhari moja. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753, iliyoanza kutumika Machi 1754, ilitaka ndoa za England na Wales zifungwe katika kanisa la Anglikana, isipokuwa za Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo, na za Wayahudi. Hali ilibaki hivyo mpaka 1837. Kwa hiyo harusi ya 1810 kanisani kwa Waanglikana haikuambii kwamba wenyewe walikuwa Waanglikana. Wakatoliki, Wabaptisti na Wamethodisti nao walipita mlango huohuo. Sheria hiyohiyo haikufika Uskoti, ndiyo maana wapenzi waliokataliwa na wazazi walikimbilia Gretna Green, kijiji kilicho mpakani tu, wakaoana huko. Waliorudi nyumbani mara nyingine walifunga ndoa tena kanisani ili kuwaridhisha wakubwa. Ukikuta matangazo mawili ya ndoa ya watu walewale, usikimbilie kusema ni ndugu wawili wenye majina yanayofanana.

Jina la bibi harusi nalo lichunguzwe. Desturi ya Uingereza ilikuwa kumwita binti mkubwa ambaye hajaolewa kwa jina la ukoo peke yake, na wadogo zake kwa jina la kwanza pamoja na la ukoo. Tangazo linalomtaja bibi harusi kwa jina la ukoo tu linadokeza kwamba alikuwa mkubwa kati ya wasioolewa. Ni dokezo, usilifanye uthibitisho. Na akitajwa kuwa mjane wa fulani, basi jina alilo nalo si la baba yake, na kumtafuta kwenye ubatizo kwa jina hilo ni kazi bure. Tafuta ndoa yake ya kwanza.

Lipi lina uzito wa ushahidi?

Hapa sina kigugumizi. Tangazo la uchumba lisiandikwe kamwe kwenye mti wa ukoo kama ndoa. Uchumba huvunjika. Magazeti ya Uingereza yalikuwa hata na maneno maalumu ya kutangaza kwamba ndoa iliyokuwa imepangwa haitafungwa tena, bila kutoa sababu. Palipokuwa na ugomvi, sababu zilitokea mahakamani: huko England mchumba aliyeachwa, na kwa kawaida alikuwa mwanamke, aliweza kumshtaki mwenzake kwa kuvunja ahadi ya ndoa, mpaka sheria ya 1970 ilipoyafuta madai hayo. Kesi hizo ziliandikwa kwa kirefu, barua za mapenzi zikasomwa mbele ya hakimu na kuchapwa kesho yake. Ukiona uchumba wa 1895 usio na ndoa mbele yake, pitia pia habari za mahakama za miaka miwili iliyofuata.

Kisha kuna vita. Matangazo ya uchumba ya 1914 hadi 1918 yamejaa vyeo na vikosi, na wachumba wengi hawakurudi. Kwa kijana wa namna hiyo hakuna cheti cha ndoa, hakuna mtoto, hakuna kitukuu wa kumkumbuka. Tangazo la uchumba linaweza kuwa mahali pekee ambapo jina lake na la mpenzi wake yaliandikwa pamoja. Linganisha tarehe na kumbukumbu za tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917. Kwa mtu anayeandika historia ya familia na si orodha ya vizazi tu, hapa tangazo la uchumba lina thamani isiyopimika, na mtafiti anayetafuta ndoa peke yake hatajua kamwe kwamba yule bibi mdogo ambaye hakuolewa maisha yake yote aliwahi kuwa na mchumba.

Tangazo la ndoa lina nguvu zaidi, lakini nalo limetoka mikononi mwa familia na kupita kwa mpanga herufi. Majina hukosewa, na matangazo ya uongo yalitumwa magazetini kwa utani au kwa chuki, kiasi kwamba wahariri walidai jina na anwani ya mtumaji. Lichukue kama kibao cha njia kinachoelekeza kwenye rejista. Rejista ndiyo yenye saini za maharusi na mashahidi.

Usilichanganye lolote kati ya haya na matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani Jumapili tatu. Hayo yana historia ndefu, tangu mtaguso wa Laterani, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, wa 1215, na ni ya nia kama ulivyo uchumba. Yanataja parokia ya kila mmoja, ambalo ni jambo zuri, lakini wazazi kwa kawaida hayawataji, na kusomwa mara tatu hakuthibitishi kwamba watu walioana.

Pale ambapo hati yenyewe ina upungufu

Uamuzi wako utategemea pia nchi. Uskoti, usajili ulioanza 1855 ulimtaja mama pamoja na jina la ukoo wake wa kuzaliwa, kwa hiyo cheti cha ndoa kinakutosheleza na tangazo linabaki kuwa nyongeza. Ufaransa, tangu sheria ya 1897, ndoa ya mtu inaandikwa pembeni mwa hati yake ya kuzaliwa. Ukiipata hati hiyo umeelekezwa kwenye ndoa, na gazeti huna haja nalo sana.

Ayalandi ni kinyume kabisa. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa 1845, na zote kwa pamoja 1864. Juu ya hilo, tarehe 30 Juni 1922 jengo la hifadhi ya nyaraka mjini Dublin liliungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na pamoja nalo vitabu vingi vya parokia za Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana wa huko, na hati nyingi za vibali vya ndoa. Kwa familia ya Kiprotestanti ya 1790, tangazo la ndoa kwenye gazeti la mkoa linaweza kuwa ushahidi wote uliosalia. Marekani nako kila jimbo lina historia yake: South Carolina haikudai leseni ya ndoa mpaka 1911, kwa hiyo kwa karne ya 19 gazeti ni mahali pa kwanza pa kutazama.

England na Wales, rejista haikupotea. Kazi ni kuifikia. Faharasa za ndoa kabla ya 1912 hazionyeshi jina la ukoo la mwenzi upande kwa upande. Kwa jina la kawaida utapata wanaume kumi na wawili katika robo moja ya mwaka, na hujui yupi alimuoa nani. Tangazo la ndoa linakupa jina la pili, wilaya na mwezi, na wale kumi na wawili wanabaki mmoja.

Kutafuta kwenyewe

Matangazo haya hayakukaa safu moja, na watu wengi huyakosa kwa sababu hiyo. The Times liliweka vizazi, ndoa na vifo kwenye ukurasa wa mbele mpaka Mei 1966, ilhali uchumba kwa kawaida ulikuwa ndani, kwenye ukurasa wa habari za ikulu na za watu wakubwa. Magazeti ya mikoani yalikuwa na mpangilio wake. Fungua matoleo kadhaa ya mwaka unaoutaka, ujue safu ziko wapi, ndipo uanze kusaka.

Dirisha la kutafuta nalo linatofautiana. Tangazo la ndoa liko ndani ya siku chache hadi wiki chache baada ya harusi, au miezi kama harusi ilifungwa ng'ambo na habari ilisafiri kwa meli. Uchumba unaweza kuwa miezi mitatu kabla ya ndoa au miaka miwili, na wakati wa vita zaidi ya hapo. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na ndoa: ukishaijua tarehe yake, unajua pa kurudi nyuma.

Maktaba ya Taifa ya Australia inatoa magazeti yake bure kupitia tovuti yake ya Trove, kuanzia Sydney Gazette la 1803. New Zealand ina Papers Past, bure pia, na Maktaba ya Bunge la Marekani ina Chronicling America. Kwa Uingereza na Ayalandi kuna British Newspaper Archive, iliyofunguliwa 2011, ambayo kusoma kwake kwa sehemu kubwa kunalipiwa. Kote humo, maandishi yanayotafutwa yamesomwa na kompyuta, na kompyuta hukosea. Kwenye magazeti ya kabla ya miaka ya 1800, herufi s ya zamani iliyoandikwa kwa urefu husomwa kama f. Jina lenye s katikati lijaribu kwa f. Jina likigoma kabisa, liache. Tafuta jina la nyumba, mtaa, kikosi, kazi ya baba, au kasisi. Kompyuta ikiharibu jina la bibi harusi, si lazima iharibu la kanisa.

Wewe uchague nini?

Kama unajua waliooana ila hujui lini wala wapi, tafuta tangazo la ndoa. Kama una cheti mkononi na unataka kujua mama alikuwa nani, alikuwa hai au la, na familia ilikaa wapi, tafuta la uchumba. Kama kuna mtu kwenye ukoo ambaye hakuoa au hakuolewa na mnataka kujua kwa nini, la uchumba pekee ndilo linaloweza kusema. Kama ndugu wamehama nchi, yasome yote mawili, lakini mstari wa mwisho wa tangazo la ndoa uusome mara mbili. Kwa ndoa za kabla ya 1870 hivi, sahau uchumba. Na kama wahusika bado wako hai, kilichochapwa gazetini kiliwekwa hadharani na wao wenyewe kwa siku yao. Kabla hujakipandisha kwenye mti wa ukoo unaoonwa na kila mtu, waombe ruhusa.

Ukikosa yote mawili, bado lipo la tatu. Wenzi waliofikisha miaka 25 au 50 ya ndoa walitangaza tena, na matangazo hayo mengi yanarudia tarehe ya harusi, kanisa, jina la kasisi na jina la ukoo la bibi harusi alilozaliwa nalo. Mara nyingine yanaongeza na anwani ya sasa, nchi nyingine kabisa na ile waliyooania. Ndoa ya 1889 itazame mwaka 1914 na 1939, wiki ileile ya mwaka, na uanze na gazeti la mahali walikozeekea.